Kinga za mpira mbele ya magurudumu ya loko ya mgodini: vipimo, pembe na ufungaji

NjiaNyembamba

Wakuu, heshima kwenu. Naomba msaada wa wale wanaojua njia za reli za chini ya ardhi.

Loko (kichwa cha treni) ni ya betri, tani 8, ekseli mbili, umbali kati ya ekseli ni mita 1.1. Gurudumu jipya lina kipenyo cha mm 680, na tunalitoa likifika 640. Geji, yaani umbali kati ya reli mbili, ni mm 600, reli ya kilo 22 kwa mita, kona kali kabisa ina nusu kipenyo cha mita 10. Mwendo hauzidi kilomita 10 kwa saa.

Mawe yanamwagika relini, hasa mita 30 za kwanza kutoka kwenye midomo ya kupakilia. Kinga zilizopo ni bamba la chuma la mm 12 lililosimama wima mbele ya kila gurudumu, mm 25 juu ya reli. Mawe madogo yanapita chini yake. Likishushwa zaidi, linagonga moyo wa pointi (pale reli zinapokatizana njia inapogawanyika), linakunjika kurudi nyuma na kuingia chini ya gurudumu. Yaani kinga yenyewe inaifanya loko iache njia.

Nataka kuhamia kwenye kinga za mpira. Mkanda wa zamani wa konveya tunao mwingi. Maswali yangu: mpira uwe na unene gani, ukae umbali gani kutoka relini, na jiwe kubwa likija, mpira utalisukuma au utakunja tu na kulipitisha?

---

FundiChasisi

Mkuu, nianze na swali la mwisho kwa sababu ndilo linaloamua mengine yote. Mpira peke yake hausukumi jiwe kubwa. Ukiuning'iniza mtupu mbele ya gurudumu, jiwe la kilo 10 litaukunja, litapita chini yake na kukutana na gurudumu vilevile. Kinachohitajika ni mpira wenye mgongo wa chuma: mpira unafika relini, chuma kinaishia juu kidogo.

Mpangilio wake ni tabaka tatu, kama mkate uliotiwa kitu katikati:

Nyuma, upande wa gurudumu, bamba la chuma la mm 10. Ukingo wake wa chini unaishia mm 35 juu ya kichwa cha reli.

Katikati, mpira. Unaishia mm 5 juu ya reli.

Mbele, bamba la kubania la mm 8. Hili ni fupi, linaishia mm 70 juu ya reli.

Tofauti hiyo ya 35 na 70 ina kazi yake. Loko ikienda mbele, jiwe linausukuma mpira kurudi nyuma, nao unaegemea bamba refu. Sehemu inayoweza kukunjika ni mm 30 tu. Loko ikirudi kinyumenyume, kinga hii inakuwa ya nyuma, na kitu chochote kinachoukwaruza mpira kinaukunja kuelekea mbele, ambako bamba ni fupi. Hapo mm 65 ziko huru. Ugumu wa kipande cha mpira kinachokunjika unapungua kwa kipeo cha tatu cha urefu wake: ukigawanya 65 kwa 30 kisha ukatafuta kipeo cha tatu cha jibu (2.17 × 2.17 × 2.17), unapata kama 10. Kwa hiyo kinga ile ile ni ngumu mara 10 kwa upande wa kazi kuliko upande wa kurudi. Ndiyo maana haing'ang'anii kwenye pointi ukirudi nyuma.

Unene: mm 12. Hesabu ni hiyo hiyo ya kipeo cha tatu, safari hii ya unene. Ukitoka mm 8 kwenda 12, ugumu unapanda zaidi ya mara 3. Mm 8 inapepea. Mm 20 inakaribia kuwa ubao, na faida ya kulegea inapotea.

Chagua mkanda wenye tabaka za kitambaa ndani, si ule wa nyaya za chuma. Wa nyaya ukikatwa kwa grenda, ncha zinafumuka, zinachoma mikono ya mafundi na zinanasa kwenye bolti za fishipleti (vipande vya chuma vinavyounga reli). Wa kitambaa unakatwa kwa kisu kikali huku ukimwagia maji ya sabuni, ukingo unatoka safi. Kama mgodi ni wa makaa ya mawe, lazima uwe mkanda unaostahimili moto na usiojikusanyia umeme tuli, wenye alama yake. Mkanda wowote tu haufai huko.

Kata kipande cha upana wa mm 175 na kimo cha mm 150. Juu kinabanwa mm 80 hivi, zinazobaki zinaning'inia.

Sasa bolti, maana hapa ndipo kinga nyingi zinapofia. Bolti 3 za M12 za daraja la 8.8, umbali wa mm 60 kati ya moja na nyingine. Ukikaza bolti moja kwa moja juu ya mpira, leo imekaza, kesho mpira umetulia na bolti imelegea. Toboa mpira kwa kipenyo cha mm 18, weka ndani ya kila tobo bushi (kibomba kifupi) ya chuma yenye urefu wa mm 10.5, kisha pitisha bolti ndani ya bushi. Mpira wa mm 12 utaminywa mm 1.5 tu, halafu chuma kitakutana na chuma. Hapo unaweza kukaza hadi nyutoni-mita 80 na bolti ikabaki imekaza. Tumia nati zenye kifunga cha nailoni.

Ukingo wa chini wa mabamba yote mawili, upande unaogusa mpira, uviringishe kwa grenda ufikie mviringo wa mm 5 hivi. Ukiuacha mkali, utaukata mpira pale pale unapokunjika. Utauona mstari mweupe kwanza, halafu ufa, halafu kipande kizima kinadondoka.

---

Mhandisi_Njia

FundiChasisi kaeleza vizuri. Naongeza mambo mawili ya hesabu kwa vipimo vyako, kwa sababu mm 35 na upana wa 175 havikuja hivi hivi.

Kwanza upana. Kwenye kona, sehemu ya loko iliyo mbele ya ekseli haifuati reli, inatoka nje ya kona. Kiasi inachotoka ni hiki: chukua umbali kutoka ekseli hadi kwenye kinga, uzidishe na jumla ya umbali huo na umbali kati ya ekseli, kisha ugawanye kwa nusu kipenyo cha kona mara mbili. Kinga ikikaa mita 0.40 mbele ya ekseli:

0.40 × (0.40 + 1.10) ÷ (2 × 10) = mita 0.030, yaani mm 30.

Kichwa cha reli ya kilo 22 kina upana wa mm 51 hivi. Ongeza 30 kila upande kwa sababu kona ziko za kulia na za kushoto. Ongeza 10 kila upande kwa mchezo wa gurudumu ndani ya geji. Jumla ni mm 131. Fanya 150. Kinga nyembamba ya mm 80 inaonekana nzuri ikiwa imesimama kwenye njia iliyonyooka, lakini kwenye kona ya mita 10 ukingo wake unaacha sehemu ya kichwa cha reli bila kitu, na kona ndiyo mahali jiwe dogo linaweza kuliinua gurudumu hadi ukingo wake upande juu ya reli.

Lakini hiyo 150 ni upana unaopimwa kukatisha reli. Kinga isikae mraba na reli, ikae mshazari wa digrii 30, mwisho wa ndani ukiwa mbele na mwisho wa nje ukiwa nyuma, ili isukume jiwe pembeni badala ya kulikokota mbele. Ukigawanya 150 kwa kosaini ya 30 unapata 173. Ndiyo ile 175.

Usiipeleke kinga mbele zaidi ya hapo. Kila sentimita unayoisogeza mbele inaongeza kuyumba kwenye kona na kushuka wakati wa kubonyea. Na usiirudishe nyuma ya mm 400, maana utakosa nafasi ya bomba la mchanga, lile linalomwaga mchanga relini ili gurudumu lisiteleze.

Pili, kimo. Hapa naomba usome taratibu kwa sababu ndipo bamba lako la zamani lilipoharibikia. Tuseme springi za mbele zikibonyea mm 10 wakati wa kufunga breki, za nyuma zinanyanyuka mm 10. Loko imeinama. Tofauti ya mm 20 katika urefu wa 1100 ina maana kwamba sehemu iliyo mm 400 mbele ya ekseli inashuka mm 7 za ziada. Kinga inashuka mm 17 kwa jumla, siyo 10. Bamba la nyuma lililokuwa mm 35 linabaki na 18. Bado uko salama.

Sasa gurudumu limelika kutoka 680 hadi 640. Chasisi imeshuka mm 20. Toa 20 kwenye 18: kinga inagonga reli kwa mm 2. Bamba la zamani lililowekwa mm 25 lilikuwa limebakiza mm 5 magurudumu yakifika mwisho wa uhai wake, hata kabla ya loko kuinama.

Kwa hiyo kinga lazima ipandishwe kadiri gurudumu linavyolika. Kila kipenyo kikipungua mm 20, pandisha mm 10. Kipimo hiki kiandikwe kwenye kadi ya loko pale pale kinapoandikwa kipenyo cha magurudumu, vinginevyo kitasahaulika.

---

NjiaNyembamba

Ahsanteni sana, nimeelewa jambo ambalo sikuwa nalihesabu kabisa. Swali: hiyo ya kupandisha, nitumie matobo marefu? Na kishikio kichomelewe kwenye bampa au kifungwe kwa bolti?

---

FundiChasisi

Matobo marefu, ndiyo, ila si matobo marefu peke yake. Kinga inatetemeka kutwa nzima; bolti ikilegea kidogo tu, kinga nzima inateleza chini hadi relini.

Fanya hivi. Tobo refu la mm 45 liwe kwenye bamba la kinga, na tobo la kawaida liwe kwenye kishikio. Bolti 4 za M16. Gurudumu likiwa jipya, bolti iko juu kabisa ya tobo refu, kwa hiyo bamba limening'inia juu ya bolti na haliwezi kushuka hata likilegea. Ukilipandisha mm 10, bolti inakuwa imeshuka ndani ya tobo, na juu yake kuna nafasi. Jaza nafasi hiyo kwa kipande cha chuma cha mm 10, chenye unene sawa na bamba, na ukizibe kwa washa pana pande zote. Kwa namna hiyo bamba limebebwa na chuma, si na msuguano wa bolti. Andaa vipande vya 10 na 20, vitosheleze maisha yote ya gurudumu.

Kishikio: bamba la mm 12 au engo ya 75 kwa 75 kwa 8, na mbavu moja ya pembetatu kwa nyuma. Kama chasisi au bampa ni ya chuma cha kumimina, usichomelee, toboa ufunge kwa bolti. Chuma cha kumimina kikichomelewa bila kupashwa joto vizuri kinapasuka kando ya weldi, na ufa hauonekani mpaka siku kishikio kinang'oka.

Na kuna kitu kimoja kidogo ambacho ni cha lazima: mnyororo wa mm 8 kutoka kwenye chasisi hadi kwenye bamba la kinga, mfupi kiasi kwamba bolti zote zikikatika kinga ibaki inaning'inia juu ya reli. Kinga iliyodondoka mbele ya gurudumu ni mbaya kuliko jiwe lolote ulilokusudia kuondoa. Jiwe linaweza kusagika. Bamba la mm 10 halisagiki.

---

Umeme_Chini

Kabla hujachomelea chochote kwenye loko ya betri, nakuomba sana uzingatie haya.

Kasha la betri litolewe kwanza, lisitengwe kwa swichi tu. Betri za asidi zikichajiwa hutoa haidrojeni, na hewa yenye haidrojeni asilimia 4 inatosha kulipuka. Gesi inajificha chini ya mfuniko saa nyingi baada ya kuchaji. Kazi ifanyike karakana, si kwenye handaki, na iwe na kibali cha kazi ya moto na mtu wa kuangalia moto baada ya kumaliza.

Klipu ya ardhi ya mashine ya weldi iwekwe kwenye kipande kile kile unachokichomelea, karibu na weldi. Ukiibana kwenye reli, mkondo utapita kwenye chasisi, utashuka kwenye ekseli kupitia beringi. Njia yake kwenye beringi ni pale roli zinapogusa, na kila mguso unaacha kidoa kilichoungua. Beringi itaanza kunguruma baada ya wiki kadhaa na hakuna atakayekumbuka weldi ile.

Na jambo ambalo watu hulikosea kwa nia njema: kupima kimo cha kinga wakati betri haipo. Kasha la betri ni sehemu kubwa ya uzito wa loko. Likitolewa, springi zinanyanyuka, unapima 35 nzuri kabisa, kisha betri inarudishwa na kinga imeshuka. Pima loko ikiwa na betri, na mchanga umejaa kwenye masanduku yake, kwenye njia iliyonyooka na isiyo na mwinamo, magurudumu yakiwa yamewekewa vigingi na plagi ya betri imechomolewa.

Halafu mabomba ya mchanga. Mchanga udondoke kati ya kinga na gurudumu. Nimeona michoro mingi inayoweka bomba mbele ya kinga kwa kuwa ni rahisi kulifikia. Kinga inaufagia mchanga wote kabla gurudumu halijaufikia, dereva anafungua mchanga na loko inaendelea kuteleza. Kwenye reli yenye tope hilo ni tatizo la breki, si la kuvuta tu.

---

Tope_na_Reli

Kwa nini msitumie brashi za waya za chuma? Mpira kwenye tope laini unalipaka relini kama siagi. Brashi inalikwangua.

---

Mhandisi_Njia

Hoja yako ina ukweli, mkuu. Mpira unaacha utando mwembamba wa tope, na utando huo unateleza kuliko reli iliyolowa maji safi. Lakini brashi haiwezi kusukuma jiwe, na nyuzi zake zinakatika. Uzi wa chuma uliolala kwenye kiungo cha reli chenye kizio unaunganisha pande mbili ambazo zilitakiwa zitengane, na taa za ishara zinaanza kusema uongo. Kama njia haina ishara za umeme, brashi inaweza kufungwa nyuma ya kinga ya mpira, si badala yake. Kwa tope, dawa ya kweli ni maji yasikae njiani: mtaro uwe chini ya mataruma na uwe unapitika.

Na hapo kuna suala la kinga inatupa mawe wapi. Nimesema mshazari utupe nje, na nataka nieleze kwa nini si ndani. Mawe yakitupwa katikati ya reli mbili yanarundikana chini ya mota na kasha la gia, na yakifika kwenye pointi yanaangukia kati ya ulimi (kipande cha reli kinachosogea kuchagua njia) na reli yake. Ulimi unalala upande wa ndani wa reli. Jiwe dogo pale linauzuia ulimi usifunge sawasawa, na ukingo wa gurudumu unaingia kwenye mwanya. Loko inajaribu kwenda njia mbili kwa wakati mmoja.

Kutupa nje nako kuna gharama yake. Upande mmoja ni mtaro, upande mwingine ni njia ya waenda kwa miguu. Kanuni za usalama za migodi ya makaa ya mawe ya Marekani zinataka upande mmoja wa njia ya reli uwe na nafasi ya inchi 24, karibu sentimita 61, kutoka sehemu ya treni inayotokeza zaidi, na nafasi hiyo isiwe na mawe yaliyolegea. Sababu yake haihitaji kutungiwa sheria: mtu anayejibana ukutani treni ikipita akikanyaga jiwe linaloviringika, anaangukia upande wa magurudumu. Kwa hiyo ukishafunga kinga, ratiba ya kuzoa pembeni iongezeke, isipungue. Anza na mita 30 ulizozitaja.

---

ZamuYaUsiku

Habari zenu wakuu. Naona wote mmezungumzia loko ikiwa mbele. Mkuu NjiaNyembamba hajasema kama loko huwa inasukuma mabehewa.

Kama inasukuma, kinga zake zote nne hazifanyi kazi yoyote kwa safari hiyo. Anayekutana na jiwe kwanza ni gurudumu la behewa la mbele, dogo na jepesi, na behewa tupu linainuka kirahisi kuliko loko. Hapo kuna njia mbili. Ya kwanza ni kubadilisha mpangilio wa njia pale kwenye upakiaji ili loko izunguke na kuvuta pande zote. Ya pili ni kufunga kinga kwenye behewa la mwisho, lile lile kila siku, likiwa limepakwa rangi tofauti. Kwa mabehewa yanayomwaga kwa kuinama ubavu, yale ambayo waliopitia migodi ya Afrika Kusini wangeyaweka kwenye ukoo wa kokopani, hakikisha kinga imefungwa kwenye fremu ya magurudumu na si kwenye bodi, ama sivyo bodi ikiinuka inaondoka nayo.

Ukisukuma, mwendo uwe wa mtu anayetembea. Mwangalizi wa mbele atembee mahali penye nafasi, asipande kwenye behewa la mbele.

Kitu kingine ambacho kinga haikifikii ni mfereji wa ukingo wa gurudumu, ile nafasi nyembamba kati ya reli na reli ya kinga (reli fupi ya ndani inayoliongoza gurudumu) kwenye pointi na kwenye vivuko. Ukingo wa gurudumu unashuka mm 25 hadi 28 chini ya uso wa reli. Tope lenye kokoto likikaukia humo linakuwa kama zege, gurudumu linapanda juu yake na ukingo hauna tena kinachoushika. Hapa ni mkono tu: chuma bapa cha mm 30 kilichokunjwa ncha kama jembe, na maji ya bomba la mpira. Pointi zote kwenye njia ya mzigo zikwanguliwe kila zamu, kabla ya treni ya kwanza.

Na dereva asianze kuamini kinga kuliko macho yake. Kwa kilomita 10 kwa saa, treni yenye mzigo ikipunguza mwendo kwa mita 0.3 kwa sekunde kila sekunde inahitaji mita 13 kusimama, na sekunde moja na nusu ya kushtuka inakula mita 4 nyingine. Jumla 17. Taa ya mbele isipoonyesha reli vizuri zaidi ya hapo, mwendo ushushwe. Kinga ni ya jiwe ambalo dereva hakuliona. Jiwe lililoanguka kutoka darini lenye ukubwa wa ndoo si kazi yake.

---

NjiaNyembamba

Tunasukuma kwenye tawi moja tu, mita 80. Nimechukua hoja ya behewa la mwisho.

Nikishafunga, nijaribu vipi kabla ya kuirudisha loko kazini? Na nijue vipi kwamba mpira umefikia mwisho?

---

FundiChasisi

Jaribio: paka ukingo wa chini wa mpira na wa bamba la nyuma rangi nyeupe, au chaki iliyolowa, sentimita 3 kwenda juu. Ipitishe loko bila mabehewa, kwa mwendo wa kutembea, kwenye kila aina ya pointi uliyonayo, kona kali, na kiungo cha reli kilichobonyea kuliko vyote. Nenda na urudi. Simamisha, weka vigingi, chomoa plagi, kagua.

Rangi ikifutika kwenye mpira peke yake, sawa. Ikifutika kwenye bamba la nyuma, kuna mahali chuma kinagusa: tafuta alama nyeupe njiani, utajua ni moyo wa pointi uliopanda, reli ya kinga iliyo juu kuliko reli yenyewe, au kiungo kinachoifanya loko iiname. Rekebisha njia. Usiongeze kimo cha kinga ili kuficha kasoro ya njia, isipokuwa kama kipimo chenyewe kilikosewa. Kisha rudia kwa treni yenye mzigo na breki ya kawaida, kwa sababu kuinama kunaonekana hapo.

Kukagua kila zamu, dereva anahitaji kipande kimoja tu: chuma bapa chenye unene wa mm 20, kimetobolewa na kufungwa kwa kamba kwenye kibanda chake. Akilaze juu ya reli, akipitishe chini ya mpira. Kikipita bila kugusa, mpira umelika mm 15 na zaidi, loko iende ikabadilishwe. Kinga ni 4, vishikio 4 na bolti zake, minyororo 4. Dakika 3.

Usijaribu kuongeza maisha ya mpira kwa kuugandamiza relini tangu mwanzo. Sehemu inayogusa italika haraka mpaka iache kugusa, na kabla ya hapo itapata joto, itaburuzwa, na kwenye kurudi nyuma inaweza kujikunja ikanasa kwenye mwanya wa pointi. Hizo mm 5 ziache kama zilivyo.

Bolti zote zikazwe tena baada ya zamu ya kwanza, hata zile zenye bushi. Mpira mpya unatulia kidogo, na rangi au kutu iliyokuwa kati ya mabamba inasagika. Baada ya hapo ni ukaguzi wa wiki.

Na ukiweza, mkuu, fuatilia chanzo cha mawe hayo. Mabehewa yakipakiwa hadi mm 100 chini ya ukingo, na sahani za mlango wa kupakilia zilizolika zikibadilishwa ili ufunge bila mwanya, hizo mita 30 zako zitakuwa safi zaidi kuliko kinga yoyote inavyoweza kuzifanya. Anza kwa kuuangalia mlango wenye rundo kubwa kuliko yote chini yake.

---

NjiaNyembamba

Nimechora kulingana na maelezo haya: bamba la nyuma 35, mpira 5, bamba la mbele 70, mshazari digrii 30 kutupa nje, mm 400 kutoka ekseli, bomba la mchanga nyuma ya kinga. Jozi ya kwanza inakatwa Jumatatu, ya mbele na ya nyuma pamoja. Nitaleta picha za alama za rangi kutoka kwenye pointi ya tawi la tatu, maana moyo wake naushuku umepanda.

---

Mhandisi_Njia

Ukipiga picha, weka rula iliyonyooka ya mita 1 juu ya reli ikivuka moyo, na upime kwa vipande vya unene mwanya uliopo kila upande. Nipe na unene wa mataruma yaliyo chini yake kama yameoza. Mara nyingi moyo haupandi, ni reli za pande zote mbili zilizozama.